Mjomba alimlaani Mrusi, leo anamtetea Putin. Je, ni ibada ya mtu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mjomba wangu yuko Ohio tangu mwaka 1984 na ni mtu wa Republican kindakindaki. Tulipokuwa wadogo, simu yake haikuisha bila kuwalaani Wakomunisti wa Moscow. Safari hii alipokuja likizo Morogoro tuliwasha taarifa ya habari, akaanza kumtetea Putin na kusema Zelensky, rais wa Ukraine, ndiye aliyejitakia vita. Nilipomuuliza imekuwaje, akajibu kwamba Trump anaijua dunia kuliko waandishi wa habari. Binamu zangu wanasema mzee ameingia kwenye ibada ya mtu. Ni kweli? Na mtu mzima hubadilikaje hivyo bila mwenyewe kujiona?

JIBU: Marahaba, na pole kwa ubishi wa sebuleni. Binamu zako wamegusa kitu, ila wamekipa jina kubwa mapema mno. Ibada ya mtu, yaani kiongozi kufuatwa kama mungu, ina historia yake na ina masharti yake, nitayafikia. Kwanza kuna jambo ambalo naona limewapita nyote, na kwangu ndilo linaloeleza sehemu kubwa ya habari ya mzee wako. Mjomba hakuwa na maoni mazito kuhusu Urusi mwaka 1984, na hana maoni mazito kuhusu Urusi leo. Alichokuwa nacho, na bado anacho, ni maoni makali kuhusu Marekani. Urusi hutajwa ili kusema jambo la nyumbani.

Tazama mwaka aliofika. Ronald Reagan alikuwa ameiita Soviet “dola la uovu” mbele ya viongozi wa makanisa ya kiinjili mjini Orlando, tarehe 8 Machi 1983. Novemba 1984 akashinda majimbo 49 kati ya 50. Kijana aliyetua Ohio wakati huo na kukipenda chama cha Reagan alipewa vitu vyote kwa pamoja: kodi ndogo, kanisa, jeshi lenye nguvu na chuki kwa Moscow. Hakuna aliyemkalisha akamsomesha historia ya Urusi. Na chuki ile ilikuwa na kazi ya ndani. Kila uchaguzi Warepublican waliwasema Wademocrat kuwa ni walegevu mbele ya Wakomunisti. Mrusi alikuwa fimbo, na aliyechapwa nayo alikuwa Mdemocrat.

Fimbo ile iliendelea kutumika hata Soviet ilipokwisha kusambaratika. Tarehe 26 Machi 2012 Mitt Romney, aliyekuwa anawania urais kwa tiketi ya Republican, aliiambia CNN kwamba Urusi ndiyo hasimu namba moja wa Marekani duniani. Siku hiyohiyo, huko Seoul, kipaza sauti kilimnasa Obama akimweleza Dmitry Medvedev, rais wa Urusi wakati huo, kwamba baada ya uchaguzi atakuwa na nafasi zaidi ya kulegeza. Oktoba, kwenye mdahalo wa Boca Raton, Obama akamkejeli Romney: miaka ya themanini imepiga simu, inadai irudishiwe sera yake ya mambo ya nje. Wademocrat walifurahi kweli. Waliokuwa wanamwona Mrusi hatari walikuwa Warepublican, na waliokuwa wanasema “acheni hofu za kizamani” walikuwa Wademocrat. Miaka saba baadaye, Februari 2019, Madeleine Albright, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Bill Clinton, alimwomba Romney radhi hadharani mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo ukimcheka mjomba, kumbuka kwamba upande wa pili nao ulihama. Umehama kuelekea kule ambako wewe na mimi huenda tunaona ndiko sahihi, lakini umehama.

Sasa tuje kwenye namba, maana hapa pana utamu na pana mtego. Kampuni ya YouGov, ikipima maoni kwa ajili ya jarida la The Economist, iliwauliza Warepublican kuhusu Putin mnamo Julai 2014. Ukichukua asilimia ya waliompenda ukatoa asilimia ya wasiompenda, ulipata hasi 66. Desemba 2016, mwezi mmoja baada ya Trump kushinda, ilikuwa hasi 10. Shirika la Gallup nalo lilikuta mwendo huohuo: Warepublican waliomwona Putin kwa jicho zuri walikuwa asilimia 12 mwaka 2015, na Februari 2017 wakawa asilimia 32. Katika muda huo Putin hakufanya wema wowote kwa Mmarekani. Kilichobadilika kilikuwa Washington.

Mtego uko hapa. Julai 2014 haukuwa mwezi wa kawaida. Crimea, rasi ya Ukraine, ilikuwa imetwaliwa na Urusi mwezi Machi, na tarehe 17 Julai ndege ya Malaysia Airlines, MH17, ilitunguliwa mashariki mwa Ukraine, watu 298 wakafa. Ukianza kupima siku ya hasira kuu, kila siku inayofuata itaonekana ya mapenzi. Tena asilimia 32 si wengi. Hata pale joto lilipopanda zaidi, Warepublican wengi hawakusema wanampenda Putin. Na viongozi wao waliokaa bungeni walikuwa mbali zaidi na mapenzi hayo. Julai 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha vikwazo dhidi ya Urusi kwa kura 419 dhidi ya 3, Seneti ikapitisha kwa 98 dhidi ya 2, na Trump akatia saini tarehe 2 Agosti huku akilalamika. Mjomba wako anapomtetea Putin haraka hivyo, hazungumzi kwa niaba ya chama chake chote. Anazungumza kwa niaba ya sehemu ya chama iliyo na sauti kubwa.

Ilikuwaje basi sehemu hiyo ikahama? Watu husema “Trump alimsifu Putin, wafuasi wakafuata.” Ni kweli nusu. Tarehe 22 Julai 2016 WikiLeaks, mtandao wa kufichua nyaraka za siri, ilimwaga mtandaoni barua pepe za kamati kuu ya Democrat, siku tatu kabla ya mkutano wao mkuu wa Philadelphia. Idara za ujasusi za Marekani zikasema wizi ule ulikuwa kazi ya Urusi. Kuanzia hapo, kila aliyesema “Urusi ni hatari” alisikika kama anayesema “ushindi wenu una doa.” Hapo ndipo fimbo ilipobadili mkono. Mrusi aliyekuwa akitumika kumchapa Mdemocrat sasa alikuwa anatumiwa na Mdemocrat, na anayechapwa ni mjomba.

WikiLeaks yenyewe ni ushahidi mzuri, pengine kuliko Putin. Mwaka 2010, ilipotoa nyaraka za siri za jeshi na za kibalozi, watangazaji na wanasiasa wa mrengo wa kulia walitaka mwanzilishi wake, Julian Assange, akamatwe. Oktoba 2016, Trump akiwa Wilkes-Barre, Pennsylvania, alisema jukwaani kwamba anaipenda WikiLeaks, na watu wakashangilia. Assange hakuwa amebadili kazi. Alikuwa amebadili mtu wa kumuumiza.

Watu wetu wanalijua hili bila kusoma siasa. Al Ahly ikitua Dar es Salaam kucheza na Simba, utamkuta shabiki wa Yanga anaishangilia timu ya Cairo ambayo hawezi kukutajia wachezaji wake watatu. Hajaipenda Misri. Wiki inayofuata Al Ahly ikicheza na Yanga, ni zamu ya mtu wa Simba kugundua uzuri wa soka la Waarabu.

Lakini mtu makini ataniuliza: utajuaje kwamba ni uhasama wa ndani na si sauti ya kiongozi tu? Swali zuri, na bahati nzuri Trump mwenyewe ametuachia mifano ya kulinganisha. Chukua Kim Jong Un, kiongozi wa Korea Kaskazini. Kwa Putin kulikuwa na udongo uliokwisha kulimwa. Mwaka 2013 Urusi ilipitisha sheria dhidi ya kile ilichokiita uenezaji wa ushoga kwa watoto, na baadhi ya Wakristo wahafidhina wa Marekani wakaanza kuitazama Moscow kama mlinzi wa maadili, miaka miwili kabla Trump hajatangaza kugombea. Kim hana udongo huo. Hakuna mchungaji wa Texas aliyewahi kumsifia. Hata hivyo, tarehe 8 Agosti 2017 Trump alimtishia kwa “moto na ghadhabu”, Septemba akamwita “Rocket Man” kwenye Umoja wa Mataifa, Juni 2018 akampa mkono Singapore, na Septemba mwaka huo akauambia mkutano wa hadhara West Virginia kwamba wao wawili walipendana. Ukumbi ulishangilia. Vitisho vilipigiwa makofi na mapenzi yakapigiwa makofi. Hapo sioni maelezo mengine isipokuwa mvuto wa kiongozi.

Sasa chukua Xi Jinping, rais wa China. Trump amemsifu Xi mara nyingi kuliko watu wanavyokumbuka. Tarehe 24 Januari 2020 alimshukuru hadharani, kwa niaba ya Wamarekani, kwa kazi ya kuzuia virusi vya korona. Lakini wafuasi wake hawakuipenda China. Mwaka huohuo chuki yao kwa China ilipanda, na Trump mwenyewe akaifuata. Kwa nini sifa zake zilimfaa Putin na zisimfae Xi? Kwa sababu kwa kuipenda China hapakuwa na Mdemocrat wa kumkomoa. Kuichukia China kulikuwa ni kutetea viwanda vya Ohio, kueleza janga la korona na kumsema Biden kwa wakati mmoja. Sifa za kiongozi ziligonga ukuta. Ukiweka Putin, Kim na Xi pamoja, unaona kwamba sauti ya kiongozi huwavuta watu wake kwa urahisi pale ambapo hawana hisia zao wenyewe, na huwavuta kwa kasi zaidi pale ambapo kumfuata kunamuudhi hasimu wa nyumbani. Hisia na uhasama huo vikipingana naye, hata yeye hugeuka.

Wapo watafiti waliolipima jambo hili kwa jaribio. Michael Barber na Jeremy Pope wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, mwanzoni mwa 2017, waliwauliza watu maswali ya sera: kima cha chini cha mshahara, kodi, silaha na mengineyo. Kundi moja liliulizwa tu. Jingine likaambiwa Trump anaunga mkono upande wa kihafidhina. La tatu likaambiwa Trump anaunga mkono upande wa kiliberali, jambo lililowezekana kwa sababu Trump alikuwa amewahi kusema yote mawili. Warepublican wengi walifuata popote walipoambiwa kwamba Trump yupo, hata upande wa kiliberali, na waliofuata zaidi walikuwa wale waliojitambulisha kuwa Warepublican damudamu. Huyo ni mjomba wako kabisa. Ila kumbuka kwamba hayo ni mambo ya ndani, yanayogusa mshahara na kodi ya mtu. Kama watu hufuata kwenye hayo, kwa Ukraine, nchi ambayo wengi hawawezi kuionyesha kwenye ramani, usitarajie waweke upinzani mkubwa.

Na si Warepublican peke yao, ingawa si kwa kipimo kilekile kila mara. Mwaka 2013 Obama alipotaka kuipiga Syria kwa sababu ya silaha za kemikali, ni asilimia 22 tu ya Warepublican waliounga mkono katika utafiti wa Washington Post na ABC. Aprili 2017 Trump alipoipiga Syria kwa sababu hiyohiyo, Warepublican waliounga mkono walikuwa asilimia 86. Wademocrat walikuwa asilimia 38 mara ya kwanza na asilimia 37 mara ya pili. Hapo Wademocrat walisimama palepale. Kwenye Urusi walihama, kwenye Syria hawakuhama. Sipendi mtu anayesema “wote ni walewale” kisha akaenda zake.

Nije sasa kwenye ibada ya mtu. Dhana hiyo ilipata umaarufu wake tarehe 25 Februari 1956, Nikita Khrushchev aliposoma hotuba ya siri kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa 20 wa chama chake, akimshutumu Stalin aliyekuwa amekufa miaka mitatu nyuma. Hakuwa anazungumzia kiongozi kupendwa sana. Alikuwa anazungumzia chama kilichonyang’anywa sauti yake, kikabaki na mdomo mmoja, na mtu aliyetofautiana na mdomo huo akapelekwa Siberia au akapigwa risasi.

Na ukitaka kuona ibada hiyo inavyougeuza msimamo kuhusu adui wa nje, soma habari za Agosti 1939. Kwa miaka kadhaa wakomunisti wa Ulaya walikuwa mstari wa mbele kupinga Ufashisti. Wengi wao walikwenda kufia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Tarehe 23 Agosti 1939 Molotov na Ribbentrop, mawaziri wa mambo ya nje, wakatia saini mkataba wa kutoshambuliana kati ya Soviet na Ujerumani ya Hitler. Ndani ya wiki chache amri ikafika kutoka Moscow: vita hii ni ya mabepari, msiiunge mkono. Harry Pollitt, katibu mkuu wa chama cha kikomunisti cha Uingereza, alikuwa ameshaandika kijitabu cha kuunga mkono vita dhidi ya Hitler. Oktoba akaondolewa kwenye uongozi na Rajani Palme Dutt akashika usukani. Tarehe 22 Juni 1941 Hitler aliivamia Soviet, na vita iliyokuwa ya mabepari ikawa ghafla vita ya haki. Pollitt akarudishwa kitini. Huko Soviet kwenyewe, filamu kubwa kuhusu mtawala wa kale wa Kirusi aliyewashinda wapiganaji wa Kijerumani iliondolewa kwenye majumba ya sinema baada ya mkataba, na ikarudishwa Hitler alipovamia. Hayo ni mageuzi mawili kamili ndani ya miaka miwili, kwa amri.

Kwetu karibu, Mobutu. Waasi wa Simba wa mwaka 1964, wengi wao wazungumzaji wa Kiswahili wa mashariki mwa Kongo, walisaidiwa na China, na jeshi alilokuwa analiongoza Mobutu ndilo lililopambana nao. China ilikuwa adui kabisa. Januari 1973 Mobutu, sasa rais, alikuwa Beijing anapeana mkono na Mao. Raia wa Zaire walifikiria nini kuhusu mgeuko huo? Hatuna namna ya kupima. Chama kilikuwa kimoja, MPR, na kila Mzaire alihesabika kuwa mwanachama kwa kuzaliwa tu. Kabla ya taarifa ya habari ya televisheni, uso wa Mobutu ulishuka kutoka mawinguni. Umati ukiimba mbele ya kiongozi wa namna hiyo, kuimba kule hakukuambii kitu kuhusu kilicho moyoni mwao.

Ukimlinganisha mjomba na hao, utaona anachokosa. Hakuna aliyemwamuru. Hakuna atakayempeleka popote akisema Putin ni muuaji. Majirani zake wa Democrat wanasema hivyo kila siku na wanalala usingizi wao. Kwa kipimo cha Stalin na Mobutu, hiyo si ibada ya mtu.

Lakini siwezi kuwafukuza binamu zako bila kitu, kwa sababu ndani ya chama chenyewe dalili zipo na nyingine ni nzito. Agosti 2020 Republican walikwenda kwenye uchaguzi bila kuandika ilani mpya. Kamati yao kuu ilipitisha azimio kwamba chama kitaendelea kuunga mkono ajenda ya rais. Kwa mtu wa sayansi ya siasa, hilo lilikuwa jambo la kushtua, maana ilani ndiyo mahali chama kinapozungumza kikiwa chama. Mei 2021 Liz Cheney, binti wa makamu wa rais wa zamani na mhafidhina asiye na shaka, aliondolewa kwenye uongozi wa wabunge wenzake kwa sababu hakukubali kusema uchaguzi wa 2020 uliibwa. Agosti 2022 akaangushwa kwenye mchujo wa Wyoming kwa tofauti kubwa. Warepublican kumi wa Baraza la Wawakilishi walipiga kura Trump ashtakiwe baada ya ghasia za 6 Januari 2021, wafuasi wake walipovamia jengo la bunge. Baada ya uchaguzi wa 2022 walibaki wawili. Hakuna aliyepelekwa Siberia, lakini mbunge anayepiga hesabu ya mkate wake alisoma ujumbe.

Hapa nitofautishe watu wawili ambao mara nyingi tunawachanganya. Siku hizi Tanzania tunao machawa, na Washington nao wanao. Chawa anajua anachofanya. Anasifia kwa sababu anakula, na siku bwana mkubwa akianguka utamkuta kwa bwana mwingine. Wabunge kadhaa waliomtukana Trump mwaka 2015 na 2016 kisha wakawa wapambe wake nawaweka kwenye fungu hilo bila kusita. Mjomba wako si chawa. Hapati senti. Anaamini, na kwa sababu hiyo kumwita majina hakutamgusa.

Tena imani hiyo ina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo hoja yangu kubwa dhidi ya binamu zako. Tarehe 21 Agosti 2021, Cullman, Alabama, Trump aliuambia mkutano wake mwenyewe kwamba chanjo ni nzuri, wachanje. Akazomewa. Akarudi nyuma haraka, akasema mna uhuru wenu. Watu wale walikuwa wameshajenga hisia zao kuhusu chanjo, na hakuweza kuzibomoa hata yeye aliyejivunia kuiharakisha. Mwaka 2025 alijaribu kuwaambia waachane na faili za Jeffrey Epstein, tajiri aliyeshtakiwa kwa unyanyasaji wa kingono wa wasichana. Hawakuachana nazo, na Novemba Baraza la Wawakilishi likapiga kura 427 dhidi ya 1 zitolewe. Muumini wa ibada ya kweli hamzomei mungu wake.

Umeuliza pia mtu mzima hubadilikaje bila kujiona. Hili lina utafiti wa zamani wenye kufurahisha. Gregory Markus wa Chuo Kikuu cha Michigan alitumia data za watu waliohojiwa mwaka 1973 na tena mwaka 1982. Mara ya pili waliombwa pia wakumbuke walichosema mara ya kwanza. Wengi walikumbuka kitu kinachofanana na maoni yao ya sasa kuliko yale waliyokuwa wameyasema kweli. Kumbukumbu haikuwa inatunza msimamo wa zamani, ilikuwa inausogeza karibu na wa leo. Nadhani ukimbana mjomba hatakuambia “nimebadilika”. Atakuambia mimi ni yuleyule, waliobadilika ni Warusi. Na ana pa kushika: Soviet ilivunjwa Desemba 1991, Putin anaonekana kanisani akiwasha mishumaa, na wanaoitwa wajamaa sasa kwa macho yake wako California. Hoja hizo hakuziokota kabla ya kuhama. Zilimfuata akiwa ameshafika, lakini kwake zinakaa kana kwamba ndizo zilizomleta.

Je, anaweza kurudi? Aliwahi kurudi, au angalau wenzake walirudi. Tarehe 22 Februari 2022, siku mbili kabla ya uvamizi, Trump aliielezea hatua ya Putin kuyatambua majimbo ya mashariki mwa Ukraine kuwa ni ya kipaji. Lakini vifaru vilipovuka mpaka na watu wakaona majengo ya Kharkiv na Mariupol yanaporomoka kwenye televisheni, sifa hizo hazikufua dafu. Kituo cha utafiti cha Pew kilipouliza Machi 2022, asilimia 69 ya Warepublican na wanaoegemea huko waliiita Urusi adui. Kwa Wademocrat ilikuwa asilimia 72. Karibu sawa! Kwa wiki kadhaa Urusi ilikuwa Urusi tu, haikuwa kisingizio cha ugomvi wa nyumbani.

Kisha ugomvi ukarudi. Mabilioni ya dola ya Ukraine yakawa mabilioni ya Biden. Mei 2022 msaada wa takriban dola bilioni 40 ulipingwa na wabunge 57 wa Baraza la Wawakilishi, wote Warepublican. Aprili 2024 msaada mwingine ulipingwa na 112, wote Warepublican, na wenzao 101 waliunga mkono. Unaona jinsi chama kilivyopasuka katikati, jambo ambalo kwa Mobutu lisingewezekana. Februari 2025 Trump, akiwa rais tena, alimwita Zelensky dikteta. Tarehe 24 mwezi huo Marekani ilipiga kura pamoja na Urusi, Belarus na Korea Kaskazini dhidi ya azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuhusu vita hiyo, na siku nne baadaye ukatokea ule mzozo wa Trump na Zelensky katika Ikulu ya White House mbele ya kamera. Pew walipouliza msimu huo, Warepublican walioiita Urusi adui walikuwa wameshuka hadi asilimia 40, kutoka 58 mwaka mmoja nyuma. Oktoba 2025 serikali hiyohiyo ya Trump iliwawekea vikwazo Rosneft na Lukoil, makampuni mawili makubwa ya mafuta ya Urusi. Mwulize mjomba alisema nini juma lile. Sitashangaa ukisikia kwamba Putin alistahili.

Kipimo kilichobaki ni urithi. Marekebisho ya 22 ya katiba hayamruhusu Trump kuchaguliwa tena. Wanaotajwa kumrithi wapo. J. D. Vance, makamu wake wa rais, alisema Februari 2022, akiwa bado anawania useneta huko Ohio kwa mjomba, kwamba hajali hasa kitakachoipata Ukraine. Marco Rubio, waziri wake wa mambo ya nje, alijenga jina lake Seneti kama mkali kwa Moscow. Kama kilichopo ni ibada ya mtu, basi mwenye ibada akiondoka maoni kuhusu Urusi yatatawanyika, kila mfuasi na lake. Kama ni uhasama wa nyumbani, Warepublican watamfuata mrithi yeyote, na msimamo wao kwa Putin utategemea zaidi Wademocrat watakuwa wanapiga kelele gani mwaka huo. Mimi naweka dau langu kwenye la pili.